Shoti ya stoo iliyokatwa kwenye mshahara: kisa cha duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam

Majina, mtaa na mambo yanayoweza kumtambulisha mtu yameondolewa, na tarakimu zimezungushwa kidogo. Nimeandika kisa hiki kwa sababu karibu kila duka ninaloingia hapa Dar es Salaam lina sehemu yake: mwenye mali ambaye si mkatili, kijana ambaye si mwizi, na makubaliano ambayo hakuna aliyeyaandika.

Usuli

Duka liko kandokando ya barabara kubwa, upande wa magharibi wa jiji, kule ambako watu wanajenga kila kukicha. Linauza saruji, nondo, bati, rangi, waya, mabomba na vikorokoro vyote vya fundi: misumari, bawaba, vitasa, gundi. Mwenye duka ni mama wa makamo aliyeanza na meza ya misumari na kofuli. Wakati wa kisa hiki alikuwa na watu sita: vijana wawili wa kaunta, mshika stoo, makuli wawili na dereva wa kirikuu. Leseni ya biashara anayo, TIN (namba ya mlipakodi) anayo, mashine ya risiti ya EFD inafanya kazi, Mamlaka ya Mapato (TRA) haimdai. Kwa upande wa bidhaa alikuwa amenyooka kabisa. Kwa upande wa watu hakuwa na karatasi hata moja.

Mshika stoo aliletwa kutoka Iringa mwezi Machi 2020. Ndugu wa mwenye duka ndiye aliyempendekeza. Wakaongea kwa simu, akatumiwa nauli, akaja. Walikubaliana Sh 240,000 kwa mwezi na hela ya kula ya kila siku, mengine wangeyaangalia mbele ya safari. Mshahara ulikuwa unatumwa kwa simu mwanzoni mwa kila mwezi, na haukuwahi kupanda. Kazi ilianza saa 1 asubuhi hadi saa 1 usiku, Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili hadi saa 8 mchana. Likizo ilikuwa wiki moja ya Krismasi, na nauli ya kwenda nyumbani alipewa.

Ukimuuliza mama huyu kama amemwajiri, alikuwa anasema hajamwajiri, "nimemchukua tu anisaidie, ni kama mwanangu". Kauli hii naisikia Kariakoo, Tabata, Mbagala, na wanaoisema wanaimaanisha kwa upendo. Lakini sheria haiitambui. Mtu akipangiwa saa za kazi, akawa chini ya maelekezo yako, akafanya kazi kwako kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, sheria inamchukulia kuwa mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Kijana huyu saa 45 alikuwa anazimaliza kabla wiki haijaisha.

Mambo yalivyokwenda

Julai 2023 walihesabu mzigo. Hesabu ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa imefanyika zaidi ya miezi minane nyuma. Zikakosekana ndoo 9 za rangi na rola 5 za waya. Mwenye duka akapiga hesabu kwa bei ya kuuzia, kila kimoja Sh 120,000, akapata shoti ya Sh 1,680,000. Funguo za stoo zilikuwa mbili. Moja anayo mshika stoo, nyingine anayo mpwa wa mwenye duka, ambaye hakuwa mwajiriwa lakini alikuwa anaingia na kutoka, hasa Jumapili jioni baada ya duka kufungwa.

Mpwa hakuulizwa. Mshika stoo aliambiwa kwamba stoo ni yake na shoti ni yake, kwa hiyo atakatwa Sh 120,000 kila mwezi hadi deni liishe. Kijana alisema, "Mama, sijachukua." Akajibiwa kwamba hajaitwa mwizi, ila mali imepotea mikononi mwake. Agosti akapokea nusu mshahara. Septemba vilevile. Oktoba vilevile. Kodi ya chumba ikamshinda, mwenye nyumba akaanza kugonga mlango, na siku mbili za mwisho wa Oktoba hakwenda kazini. Alikuwa anazunguka kutafuta wa kumkopesha.

Tarehe 1 Novemba ukaingia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp yake. Nimeusikiliza. Ni sauti ya mtu aliyeumia, haina tusi hata moja: "Mwanangu, kwa kuwa umeamua kunisusia kazi, usihangaike kurudi. Hilo deni lililobaki nimekusamehe, na wewe nisamehe."

Kijana alianza kwa mjumbe wa shina. Mjumbe akampigia mama, mama akasema yameshaisha, ameshasamehe deni. Hapo ndipo mteja mmoja wa duka alipomwelekeza kijana kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa kifupi CMA. Alijaza Fomu Namba 1 tarehe 20 Novemba. Mgogoro wa kuachishwa kazi una siku 30 tangu siku ya kuachishwa, kwa hiyo alikuwa bado ndani ya muda.

Madai

Aliomba fidia ya mishahara 12 kwa kuachishwa isivyo halali, Sh 2,880,000. Mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, Sh 240,000. Likizo ya mwaka wa mwisho, Sh 240,000. Kurudishiwa makato, Sh 360,000. Kiinua mgongo cha miaka mitatu kamili kwa siku 7 kila mwaka, karibu Sh 194,000. Na nauli pamoja na kusafirisha mizigo yake hadi Iringa, Sh 120,000. Jumla ilikuwa inagonga Sh 4,034,000. Juu ya hapo aliandika saa za ziada bila kuzipigia hesabu, na kwamba hajawahi kuandikishwa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii.

Mimi niliitwa kumshauri mwenye duka pale alipopata wito wa Tume. Alikuwa na mambo mawili kichwani, kutokwenda Tume na kwenda polisi.

Maamuzi na sababu zake

La kutokwenda tulilimaliza haraka. Alikuwa anaamini kuhudhuria ni kukubali kosa. Nikamweleza kwamba msuluhishi ana uwezo wa kisheria kuamua shauri kama anayelalamikiwa hakutokea, na kwamba tuzo ya Tume inakazwa kama hukumu ya mahakama. Alikubali kwenda mwenyewe, siku ya kwanza.

La polisi lilikuwa gumu zaidi. Tayari alikuwa na RB mkononi, yaani namba ya taarifa iliyoandikwa polisi. Nilimwomba kwanza tukae na madaftari ya stoo jioni moja kabla hajaifuatilia, kwa sababu ukimfungulia mtu jalada la wizi halafu ukashindwa kulithibitisha, umemharibia jina kijana wa watu na umejiongezea mgogoro. Alikubali kwa shingo upande.

Daftari la stoo lilikuwa la kawaida, la kurasa 96, jalada limelowa mafuta ya rangi hadi limekuwa gumu. Upande wa mbele kuna mzigo ulioingia. Nyuma kabisa, kurasa za mwisho, mshika stoo alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu vitu vilivyotoka mali kauli, yaani kwa kukopeshwa. Mstari mmoja: "fundi wa Goba ndoo 4, Mama kasema." Mwingine wa wiki tatu baadaye: "fundi wa Goba ndoo 2, kaja na mpwa." Mama alishika miwani, akasoma mara mbili. Ndoo nne aliziruhusu mwenyewe kwa simu akiwa msibani, akasahau. Za pili hakuzijua, lakini fundi alipopigiwa alikiri kuzichukua zote sita na kwamba hajazilipa.

Ndoo 6 kati ya 9 zikawa zimepatikana mahali zilipo. Zilizobaki ni ndoo 3 na rola 5. Kwa bei aliyonunulia, ndoo Sh 100,000 na rola Sh 98,000, hasara yenyewe ilikuwa Sh 790,000, chini ya nusu ya shoti aliyomtangazia kijana. Na hata hiyo, stoo ilikuwa na funguo mbili.

RB haikufuatiliwa tena. Kuanzia jioni hiyo mama mwenyewe ndiye aliyetaka wasuluhishwe, wala sikuhitaji kumshawishi.

Kulikuwa na njia moja ya kujitetea ambayo ndugu zake waliisisitiza: kwamba kijana alitoroka kazini. Niliikataa. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataja kutokuwapo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano za kazi kuwa kosa linaloweza kumwachisha mtu. Kijana alikosa siku mbili. Na ujumbe wa sauti ulikuwa unasema wazi ni nani aliyemaliza ajira.

Matokeo

Mbele ya msuluhishi kijana aliucheza ule ujumbe. Mama hakubisha. Alisema, "Nilikosea hesabu, na wewe ulikuwa umeniambia." Baada ya hapo mazungumzo yalihusu kiasi tu. Walikubaliana Sh 2,600,000 kwa awamu tatu, cheti cha utumishi kinachosema alifanya kazi gani na tangu lini, bila neno la wizi, na michango yake ya NSSF ipelekwe kwa miezi yote 44. Dai la saa za ziada liliachwa. Madai yasiyo ya kuachishwa kazi yana siku 60 kufikishwa Tume, na sehemu kubwa ya saa zile ilikuwa imepitwa na muda huo.

NSSF peke yake ilikuwa asilimia 20 ya mshahara, yaani Sh 48,000 kwa mwezi, na kwa miezi 44 ikafika Sh 2,112,000 bila tozo ya kuchelewesha. Nusu ya kiasi hicho angeweza kuikata kwenye mshahara wa kijana mwezi kwa mwezi. Sasa hakukuwa na mshahara wa kukata, akalipa yote mwenyewe, kwa awamu alizokubaliwa. Kufuatilia hasara ya Sh 790,000 kulimgharimu zaidi ya Sh 4,700,000.

Uchambuzi

Niliyemwona akishindwa katika kisa hiki si mtu mbaya. Alilipa mshahara kila mwezi bila kuchelewa, tena juu ya kima cha chini cha Sh 150,000 kilichoanza Januari 2023 kwa sekta ya biashara na viwanda. Alimpa nauli ya Krismasi. Alimwita mwanangu. Tatizo ni kwamba wema wote huo haukuwa na ushahidi, na makosa yake yote yalikuwa nao.

Nianze na makato, maana ndiyo yaliyoharibu kila kitu kilichofuata. Madukani kwetu shoti ni ya mwenye kaunta au mwenye stoo, na hilo linachukuliwa kama sheria ya asili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haisemi hivyo. Mwajiri anaweza kukata mshahara kwa ajili ya hasara pale tu hasara ilipotokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Ampe kwa maandishi chanzo, kiasi na namna kilivyokokotolewa. Ampe nafasi ya kupinga. Asidai zaidi ya hasara halisi. Na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara. Mama alivunja kila sharti. Kosa halikuthibitishwa, maandishi hayakuwapo, kijana alipopinga hakusikilizwa, bei iliyotumika ni ya kuuzia, na kilichokatwa ni nusu badala ya Sh 60,000. Ukiyatazama masharti haya vizuri utaona yanamlinda na mwenye mali pia. Kama angelazimika kuandika chanzo cha hasara kabla ya kukata, angefungua lile daftari mwezi Julai, fundi wa Goba angelipa mapema, na kijana angekuwa bado stoo.

La pili ni kukosa maandishi ya ajira. Mkataba wa mdomo ni mkataba halali Tanzania kwa kazi ya ndani ya nchi, na wengi wakisikia hivyo wanapumua. Wasipumue. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: jina, umri, anwani na jinsia yake, alikoajiriwa, kazi yake, siku ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa. Usipokuwa nayo na mgogoro ukatokea, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuangukia wewe. Kijana alisema ameajiriwa akiwa Iringa. Mama hakuwa na pa kuonyesha vinginevyo. Na hilo la Iringa lilikuwa na uzito, kwa sababu mfanyakazi anayeachishwa mbali na alikoajiriwa ana haki ya kusafirishwa na mizigo yake, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri usafiri. Kila wiki ya malumbano ingeongeza deni.

Saa za kazi zilikuwa mbaya kuliko mama alivyojua. Kikomo cha kawaida ni saa 9 kwa siku, siku 6 na saa 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni saa za ziada kwa makubaliano, zisizozidi 50 katika kila wiki nne, zinazolipwa mara moja na nusu. Hata tukimtolea kijana saa moja ya mapumziko kila siku, alikuwa anafika saa 72 kwa wiki, na hakuwa na siku kamili ya kupumzika. Mama alinusurika kulipa kwa sababu ya muda tu. Kwa wafanyakazi watano waliobaki, kinga hiyo haikuwapo kwa miezi iliyokuwa inakuja.

Namna ya kumwachisha sina haja ya kuizungumza sana. Aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita hawezi kuachishwa bila sababu halali na utaratibu wa haki: tuhuma kwa maandishi, muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, kikao anachoweza kuja na mwenzake, uamuzi wenye sababu. Duka la watu sita linaweza kufanya haya yote kwa karatasi mbili na benchi moja. Kwa sheria ilivyosomeka wakati ule, kuyaruka kuligharimu fidia isiyopungua mishahara 12. Sheria za kazi zimerekebishwa mwaka 2025 na kima cha chini kimepandishwa kuanzia Januari 2026, kwa hiyo asiye na nakala mpya asiichukue hesabu ya kisa hiki na kuibandika kwenye chake.

Kilichosaidia ni vitu vitatu visivyolingana. Mishahara iliyotumwa kwa simu ilifunga mjadala wowote kuhusu malipo. Kwenda Tume mwenyewe, na kuzungumza kama binadamu, kuliokoa mamilioni. Na kubwa kuliko yote ni kurasa za nyuma za daftari ambazo kijana aliziandika bila kuagizwa na mtu.

Kuna jambo moja halikuwa kwenye madai na ndilo lililonikosesha usingizi. Makuli wa duka lile wanapanda juu ya fuso la nondo bila viatu vya maana, na mwajiri hakuwa amejisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango ni asilimia 0.5 ya mshahara, unalipwa na mwajiri peke yake. Kwa anayelipwa Sh 240,000 hiyo ni Sh 1,200 kwa mwezi. Kwa hela ya soda mbili, mtu aliyeangukiwa na nondo anatibiwa na familia yake haibaki mikono mitupu. Nilimwambia mama alianze hilo kabla hata ya awamu ya kwanza ya Tume, na alilianza wiki ileile.

Duka baada ya hapo

Sasa kila mfanyakazi ana mkataba wa kurasa mbili kwa Kiswahili, nakala moja kwake na moja kwenye faili. Stoo ina ufunguo mmoja na daftari la kusaini. Mzigo unahesabiwa kila Jumamosi jioni, na mali kauli haitoki bila sahihi ya mama. Jumapili wanapishana. Kwa kuwa mishahara yao haivuki Sh 270,000, hakuna kodi ya mapato ya kukata, na tozo ya kuendeleza ufundi stadi haimgusi mwenye wafanyakazi chini ya 10.

Ugumu ulikuwa NSSF, na ulitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Kuli mmoja alikataa katakata kukatwa Sh 24,000, akisema yeye anataka hela yake yote mkononi, na kwamba yuko tayari kusaini karatasi ya kukataa. Karatasi hiyo haina nguvu. Uandikishaji si hiari ya mwajiri wala ya mwajiriwa. Mama alipiga hesabu ya faida ya duka siku mbili, akaongeza mishahara ya wote watano kwa Sh 15,000, kisha akaanza kukata. Yule kuli bado ananung'unika kila mwisho wa mwezi, ila namba yake ya uanachama ameihifadhi kwenye simu na ameshauliza mara mbili jinsi ya kuangalia salio.